Kifua Changu na Mipira ya Bwana Samaki

Mimi naitwa Elisaria, fundi wa mipira hapa Sokon, Arusha. Nimeombwa nieleze habari za kifua changu, na nitazieleza zote, hata zile za makohozi na jasho, kwa sababu mgonjwa hasaidiwi na maneno ya kufunikafunika. Mnaoniona leo nikiinua tairi la lori mnaweza kudhani nimeyakuza mambo. Sikuyakuza. Rebeka, mke wangu, yuko hapa, na nikikosea atanisahihisha.

Nilizaliwa mlimani, juu ya Kikatiti, katika shamba la kahawa na migomba. Kazi ya mipira nilifunzwa jeshini wakati wa vita, katika karakana ya magari kule Nairobi, na niliporudi sikulitaka tena jembe. Nilipanga chumba Sokon, nikaweka benchi chini ya paa la mabati, nikawa naziba mipira ya baiskeli na ya malori. Nikamwoa Rebeka, tukapata mtoto wetu wa kwanza, Elinami. Jumapili nilipiga tarumbeta katika bendi ya kanisa. Nilikuwa na pumzi. Mstari ambao wenzangu waliukata katikati ili wavute hewa, mimi niliumaliza kwa mara moja, na sisemi uongo, nilijivunia.

Siku moja alifika kwenye benchi langu Mzungu aliyekuwa akipima maji ya mifereji katika mashamba makubwa ya kahawa. Jina lake nitaliacha. Watu walimwita Bwana Samaki, kwa sababu kila baada ya wiki chache alishuka Tanga kwa gari lake, akafunga mtungi wa hewa mgongoni, akaingia baharini na kukaa chini pamoja na samaki. Ndivyo ilivyosemwa, na wengi wetu tulicheka. Mimi niliacha kucheka alipoweka vyombo vyenyewe juu ya benchi.

"Wewe unajua mpira?" aliniuliza.

"Najua, Bwana."

"Huu je?"

Ulikuwa mpira mweusi, mnene kama mkono wa mtoto, wenye mikunjomikunjo kuanzia mwanzo hadi mwisho, kama koo la ng'ombe. Ilikuwa miwili. Yote miwili ilianzia kwenye kidomo cha kuuma kwa meno, mmoja ukapita kulia na mwingine kushoto, ikakutana nyuma kwenye kidude cha shaba cha mviringo, kikubwa kama kopo la samli. Kidude hicho hufungwa juu ya mtungi. Mtu akivuta pumzi, hewa huja kwa mpira mmoja. Akipumua nje, huondoka kwa mwingine. Asipovuta, hewa haiji. Nilimwuliza Bwana Samaki kidude kinajuaje kwamba mtu amevuta. Alifurahi sana kwa swali lile. Alikifungua akanionyesha ndani: ngozi nyembamba ya mpira, ambayo mtu akivuta hubonyea, ikisukuma kijiti kinachofungua mlango wa hewa. Niliitazama hadi wateja wawili wakaondoka kwa hasira.

Basi akaniajiri. Kila aliporudi kutoka Tanga ningekwenda nyumbani kwake, ng'ambo ya mto Themi, nivioshe vyombo vyake na kuvitunza mpaka safari nyingine.

Bahari yenyewe sikuwahi kuiona. Niliijua kwa alichokileta. Mara ya kwanza nilipofungua mfuko wake wa turubai, kila kitu kilikuwa na unga mweupe, na mimi, kwa udadisi tu, nilipitisha ulimi juu ya mshipi wa mtungi. Magadi nayajua tangu utotoni. Ile haikuwa magadi. Ilikuwa chumvi ya kupika, lakini chungu kidogo mwishoni. Nilisimama pale nikijiuliza ni maji mengi kiasi gani yanayoweza kubaki na chumvi hivyo bila kuisha.

Chumvi ile ni adui. Ikikauka kwenye shaba, huota kutu ya kijani. Ikikauka kwenye mlango wa hewa, huwa kama mchanga na mlango haufungi sawasawa. Mpira nao hukauka na kupasuka mikunjoni. Dawa yake ni maji matamu na subira. Nilikinga maji ya mvua kwenye pipa, kwa sababu yale ya mfereji yana tope jembamba. Nikayapasha yawe vuguvugu tu, nikaviloweka vyombo kutwa ili chumvi iyeyuke yenyewe. Ukiisugua ikiwa kavu inakwangua. Kisha nikavisuuza, nikavifuta, nikavitundika kivulini, maana jua huua mpira haraka kuliko chumvi. Grisi na mafuta ya taa sikuyasogeza karibu. Mwisho nilipaka mpira unga laini usishikane.

Yote hayo nilifundishwa na Bwana Samaki, na niliyafanya vizuri. Lakini kulikuwa na jambo moja nililoliongeza mwenyewe. Ghala lake lilikuwa na mende na buibui, na niliogopa wadudu wasiingie kwenye mipira wakaziba njia ya hewa. Nikachonga vizibo. Nikishaisuuza mipira nilikung'uta maji, nikaiziba pande zote, nikaitundika. Nilijiona mtu mwangalifu. Kumbe ndani ya ile mikunjo maji hayatoki kwa kukung'utwa. Nilikuwa nafungia unyevu ndani, pamoja na mate ya mtu, gizani, kwa wiki nzima au zaidi.

Na kila mara, siku moja kabla ya safari yake, nilikwenda kuvipima. Nilitoa vizibo, nikaondoa unga, nikakiweka kidomo kinywani na kuvuta kwa nguvu, kupuliza kwa nguvu, kuvuta tena. Nilifanya hivyo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kusema kweli nilipenda. Nilifumba macho nikisikia kile kidude kikigonga nyuma ya masikio yangu, nikajaribu kufikiri jinsi samaki wanavyopita mbele ya uso wa mtu.

Mwaka wa kwanza sikuona kitu. Mwaka wa pili, mvua za masika zilipokuwa nyingi, nilipima vyombo asubuhi, na saa kumi jioni nikiwa kwenye benchi langu meno yakaanza kugongana. Baridi ilinitoka mifupani. Rebeka alinifunika blanketi mbili, nikatetemeka hadi kitanda kikalia. Baadaye ikaja homa, kichwa, na kikohozi kikavu kilichokuwa kikikuna chini ya koo. Kifua kilikaza kama mtu amekifunga mshipi.

"Ni malaria," alisema Rebeka.

Tukanunua dawa za malaria. Siku ya pili nilikuwa mzima, tukaisifu dawa.

Baada ya wiki chache ikarudi, na safari hiyo pia ilipoa kwa siku mbili. Kisha ikarudi tena. Kila iliporudi iliniacha pungufu kidogo. Kikohozi hakikuondoka tena, kikabaki hata siku nisizokuwa na homa. Asubuhi nilitoa makohozi meupe yenye povu, haba, kwa taabu, mpaka mbavu zikauma. Suruali ilianza kuteleza kiunoni. Nilikuwa nikipanda kijilima cha pale kwetu nasimama katikati nikijifanya natengeneza kamba ya kiatu. Jumapili moja kanisani niliinua tarumbeta, nikaanza mstari wa kwanza, hewa ikaniishia katika neno la tatu. Sauti ilikatika kama ya kuku. Kiongozi wa bendi alinitazama, mimi nikatazama chini. Nilipeleka tarumbeta nyumbani kwake jioni ile, nikamwambia ampe mwingine.

Nilikwenda hospitali. Aliyenipokea alikuwa Bwana Mlay, mtu wa Machame, msaidizi wa daktari. Siku hizo tuliwaita waganga, nao walikuwa waganga wa hospitali kweli, si wa mizizi. Alikuwa kijana kuliko mimi, mwenye miwani, na maswali yake yalikuwa mengi hata watu wa kwenye foleni wakaguna. Alitoboa kidole changu akatazama damu.

"Huna malaria," alisema.

"Labda imejificha."

"Labda. Vua shati."

Akanisikiliza mgongoni kwa muda mrefu. Aliniambia kwamba chini ya mapafu anasikia sauti kama ya nywele zinazosuguliwa karibu na sikio. Akanipeleka kupigwa picha ya kifua. Daktari mwenyewe, Mwingereza mrefu asiyesema sana, aliiinua ile picha dirishani, akaonyesha kwa kalamu madoa madogo yaliyotawanyika pande zote mbili. Wakazungumza Kiingereza. Nililishika neno moja tu, na lilinitosha. Walikuwa wanawazia kifua kikuu.

"Hatujui bado," Bwana Mlay aliniambia. "Tutapima makohozi mara tatu. Lakini kwa sasa kula peke yako, lala peke yako, na mtoto asikae karibu nawe."

Nitasema wazi kwamba siku ile nililia. Si kwa ajili ya kufa. Elinami alikuwa na miaka minne, alikuwa amezoea kukaa magotini pangu nikila, akichukua ndizi kwenye sahani yangu. Kesho yake Rebeka alimpeleka mlimani kwa mama. Mtoto hakulia, maana aliambiwa anakwenda kuwaona ndama. Alinipungia mkono nikiwa nimesimama mbali, upande wa pili wa barabara, kitambaa mdomoni.

Rebeka aliporudi alinikuta nimejitengea kikombe na sahani.

"Baba Elinami," alisema, "wewe mwenyewe unasadiki kwamba ni kifua kikuu?"

"Picha imeonyesha madoa."

"Sikuulizi picha. Nakuuliza wewe unayeumwa."

Nikafikiri. Nikamwambia jambo ambalo lilikuwa likinisumbua: ya kwamba namjua jirani aliyekufa kwa kifua kikuu, na yeye ugonjwa wake ulipanda polepole kama maji ya kisima, haukuwa wa kuja leo na kuondoka keshokutwa. Wangu ulikuja kama mgeni anayejua njia.

Makohozi yakapimwa mara ya kwanza, hayana kitu. Mara ya pili, hayana kitu. Mara ya tatu, vile vile. Daktari alisema nipumzike mwezi mmoja mahali pakavu, kisha nipigwe picha tena. Nikamwandikia Bwana Samaki barua kwamba naumwa, nikaenda kwa shangazi yangu Oldonyo Sambu, upande wa nyuma wa mlima, ambako mvua ni chache na upepo unakausha kila kitu.

Shangazi alinilaza katika kijumba cha peke yake, akaniletea maziwa na uji, na kila asubuhi alisimama mlangoni akaniangalia ninavyokohoa kama mtu anayekagua ng'ombe wa kununua.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekohoa mara ngapi tangu kuche?"

Kwanza nilidhani ni utani. Lakini alitaka hesabu kamili, na akinipata nimekisia alinuna. Kwa hiyo nikaanza kuhesabu. Wiki ya kwanza hesabu ilinishinda. Wiki ya pili ilishuka hadi arobaini kwa asubuhi moja. Wiki ya nne nilikohoa mara sita. Homa haikuja hata siku moja. Nilikula, nikalala, nikatembea na mbuzi hadi kwenye mawe ya mbali na kurudi. Picha ya pili ilipopigwa, madoa yalikuwa yamefifia, na daktari alikunja uso kwa mshangao, maana hakuwa amenipa dawa yoyote ya maana.

Nikarudi Sokon nikiwa na furaha. Rebeka akaanza kusema habari za kumchukua Elinami mwisho wa wiki. Mimi nilikwenda kwanza ng'ambo ya Themi, maana Bwana Samaki alitaka kusafiri, na vyombo vilikuwa vimekaa kwenye ghala muda wote huo bila mtu. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Nilivitungua, nikatoa vizibo, nikavuta na kupuliza kama kawaida. Nilisikia ladha ya udongo mbichi kinywani, nikatema mate, nikaendelea. Bwana Samaki alivikagua akavifunga garini. Mipira ya akiba, iliyokuwa imetundikwa pamoja na ile mingine na ambayo niliipima vile vile, aliiacha.

Saa tisa alasiri baridi ilinikamata nikiwa njiani. Saa kumi na mbili sikuweza kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi katikati. Midomo ilikuwa ya buluu, Rebeka asema, na kucha pia. Jirani mmoja alinibeba kwa baiskeli hadi hospitali, nimeegemea mgongo wake kama gunia.

Bwana Mlay alikuwapo. Alinipa dawa ya kufungua kifua, akaketi kwenye kiti kando ya kitanda. Nilingoja aniambie habari ya kifua kikuu. Badala yake aliuliza:

"Leo umefanya nini?"

"Nimeugua."

"Kabla ya hapo. Tangu ulipoamka. Nieleze kila kitu, hata ulichokanyaga."

Nikamweleza kwa vipandevipande, kwa sababu pumzi haikutosha. Chai, viazi, barabara, daraja, ghala, vyombo. Nilipofika kwenye vyombo akanisimamisha. Hakuwa amewahi kusikia habari za mtu kupumua chini ya maji, akataka kujua hewa inapita wapi. Nikamchorea kwa kidole kwenye shuka.

"Na mara zile nyingine ulipougua?"

Nikahesabu. Mara ya kwanza, wakati wa mvua kubwa, nilikuwa nimepima vyombo asubuhi. Mara ya pili pia. Ya tatu, pia. Kule Oldonyo Sambu sikuwa na chombo chochote isipokuwa kikombe cha maziwa.

"Bwana Mlay," nikasema, "ni mipira."

"Bado hatujui," akajibu, lakini macho yake nyuma ya miwani yalikuwa yameshaamka. "Unaweza kuniletea mmoja niuone ndani?"

Siku ya nne nilipopata nguvu, nilikwenda naye hadi ghalani. Mtumishi wa nyumba alinijua, akatufungulia. Niliitungua ile mipira ya akiba. Kwa nje iling'aa. Unga wake mweupe, hakuna ufa hata mmoja. Bwana Mlay alichungulia mwisho mmoja, hakuona kitu, maana mikunjo inafichana. Nikafunga kitambaa cheupe kwenye waya, nikakipitisha. Kilitoka na rangi ya kijivu.

"Inaweza kuwa rangi ya mpira wenyewe," alisema.

"Inaweza."

Tukatazamana. Njia iliyobaki sote tuliijua. Ule ulikuwa mpira wa Bwana Samaki, umetoka Ulaya kwa meli, na mwingine haukupatikana Arusha wala Tanga. Mzungu huyo alikuwa mwema, lakini nilikuwa nimewaona Wazungu wema wakibadilika kwa ajili ya sahani iliyovunjika. Ningeweza kupoteza kazi, na kuitwa mwizi au mharibifu, na neno hilo likanifuata mjini kote. Lakini mtoto wangu alikuwa mlimani akidhani baba yake ameuchagua mji.

Nikatoa kisu cha kazi. Bwana Mlay akaniambia nijifunge kitambaa puani, naye akajifunga. Nikaupasua mpira kwa urefu, kutoka mwisho hadi mwisho, nikaufungua kama mtu anayepasua samaki.

Kila mkunjo ulikuwa na manyoya. Mengine meupe, mengine ya kijani kibichi kama ukungu wa mkate, mengine meusi, mafupi kama ndevu za siku mbili. Nilipoutikisa kidogo, vumbi jepesi lilipanda katika mwanga wa mlangoni, likakaa hewani, halikutaka kushuka. Hilo ndilo nililokuwa nikilivuta kwa nguvu zangu zote, tena na tena, macho nimefumba.

Cha ajabu ni kwamba sikuogopa. Niliinama kuutazama hadi Bwana Mlay akanivuta bega. Nilitaka kujua umeingiaje, unakula nini. Nikaviona vizibo vyangu juu ya rafu, vimepangwa kwa ukubwa, na nikaelewa.

"Ni mimi," nilimwambia. "Mimi ndiye niliyeufunga ndani."

Alinichukulia kipande kwenye chupa, akampelekea daktari. Yule Mwingereza asiyesema sana siku hiyo alisema. Bwana Mlay alinitafsiria: kwamba kwao kuna wakulima wanaougua hivi hivi, wanapofungua majani makavu ya ng'ombe yaliyooza kwa unyevu. Vumbi la ukungu huingia mapafuni, na mapafu hulikasirikia, na huo ndio ugonjwa wenyewe. Hauambukizi. Haurithiwi. Dawa yake ya kwanza ni kukaa mbali na lile vumbi. Mtu asipokaa mbali, mapafu hufanya makovu na hayarudi tena.

"Hauambukizi?" nilimwuliza.

"Hauambukizi."

"Hata kwa mtoto?"

"Hata ukila naye sahani moja."

Rebeka hakungoja mwisho wa wiki. Alipanda mlimani siku ile ile.

Ilibaki habari ya Bwana Samaki. Alirudi baada ya siku chache, nikamkuta barazani. Nilikuwa nimeufunga mpira uliopasuliwa ndani ya gazeti. Niliuweka mezani, naye akaufungua.

"Nani amekata?"

"Mimi, Bwana."

Uso wake ulibadilika rangi. Nikamweleza yote bila kupumzika, vizibo, homa, picha, makohozi, ili nisipate nafasi ya kuogopa. Alisikiliza akiwa amesimama. Kisha akaenda garini, akaleta ile mipira aliyokuwa nayo Tanga, akaichungulia ndani, akainusa, akaiweka chini. Alikaa.

"Mimi huumwa malaria," alisema polepole. "Kila safari ya Tanga. Jioni ya siku ya kwanza ya kuzamia, natetemeka hotelini. Siku ya pili napona. Nimekula kwinini nyingi sana."

Nikaitazama mipira pale chini.

"Nawe umekula nyingi," akasema.

"Ndiyo, Bwana."

Hakucheka, nami sikucheka. Aliniambia nilete kisu. Tukaipasua na ile mingine pamoja, barazani, vitambaa vimetufunika pua, tukalinganisha ukungu wa mmoja na wa mwingine. Mkewe alitoka kututazama akarudi ndani. Kidude cha shaba alikiweka, mipira yote ikachomwa.

Kupona kwangu hakukuwa kwa siku moja. Miezi mitatu sikugusa chombo chochote. Nilijipima kwa njia ya kwetu, kutoka barabara ya Kikatiti hadi nyumbani kwa mama. Mara ya kwanza nilipumzika mara saba, nikafika nimelowa jasho, mama akadhani nimenyeshewa. Baada ya mwezi nilipumzika mara nne. Baadaye mara moja, na hiyo ni kwa sababu nilikutana na mtu wa kusalimiana naye. Daktari aliniambia kuna kovu dogo ambalo halitaondoka, nami nalisikia hadi leo, asubuhi za baridi, chini ya ubavu wa kushoto. Tarumbeta ninapiga, lakini sasa nakata mstari katikati kama wengine.

Mipira mipya ilipofika kutoka Ulaya, Bwana Samaki hakuniamuru. Aliniuliza kama nataka. Nilifikiri kwa siku mbili, nikakubali kwa masharti mawili, naye akayakubali. La kwanza, vizibo hakuna. Baada ya kulowekwa, mipira inasuuzwa ndani kwa maji yaliyochemshwa, inavutwa ili mikunjo ifunguke, inatundikwa wima, midomo chini, mahali pa upepo, na inageuzwa kila siku. Kwa ajili ya wadudu, nilishona vifuko vya chandarua. La pili, sipimi kwa kinywa. Nilitengeneza kiungo kwa kipande cha mpira wa baiskeli, nikaunganisha na pampu, nikavizamisha vyombo katika karai la maji. Nikisukuma hewa, tundu lolote hujionyesha kwa mapovu. Bwana Samaki alipoona aliomba asukume mwenyewe, akasukuma kama mtoto. Tangu hapo hakuumwa tena malaria yake ya Tanga, na mimi sijaona baridi ile.

Namshukuru Mungu kwa pumzi hii ninayoitumia kuzungumza. Namshukuru Rebeka, aliyeniuliza mimi kabla ya kuuliza picha. Namshukuru shangazi kwa hesabu zake. Namshukuru Bwana Mlay, kijana aliyevuta kiti akaketi wakati foleni ilikuwa ndefu. Na ninyi mnaoumwa, nawasihi: mkienda hospitali msiseme tu panapouma. Semeni kazi zenu. Semeni mlichokishika, mlichokinusa, mlikolala, hata kama mganga hajauliza, hata kama mnaona ni jambo la kijinga. Na unyevu msiufungie ndani ya kitu mtakachokivutia pumzi. Kama ugonjwa wako una siku zake, zitazame siku hizo.

Mwezi uliopita, baada ya kuyasema haya kwa mara ya kwanza mbele ya watu, kule mlimani, mama mmoja alinifuata nje. Alikuwa amekonda, mtandio umembana mabegani, na alikohoa kabla ya kunisalimia. Alisema yeye hufagia ghala la mahindi, na kwamba kwao wamekwisha mtengea kikombe. Kisha akasema, kama mtu anayetaja jambo lisilo na maana, kwamba homa yake huja kila Jumatatu jioni.

Nikamtafutia mahali pa kukaa. Nikamwambia, "Mama, tuanze na Jumatatu asubuhi. Ukifungua mlango wa ghala, unaona nini kwanza?"